Stendi Iliyowekwa Wakfu

Mkono wangu wa kushoto ulistaafu kabla yangu, bila barua na bila sherehe. Asubuhi moja nilikaa barazani kwangu, hapa Buswahili, nikashika fremu ya kudarizia kama nilivyoishika tangu nikiwa msichana wa shule ya misheni, na kabla sijamaliza pezi la samaki wa kwanza, vidole vikaachia. Fremu ikaanguka na kitambaa cheupe kikaenda kulala juu ya mavi ya kuku. Nikakifua, nikaomba, nikajaribu tena kesho yake. Ikaanguka tena. Kuku wakaanza kuzoea kukaa karibu.

Fremu yenyewe si kitu kizito. Ni bangili mbili za mbao, moja inaingia ndani ya nyingine, na katikati kitambaa kinabanwa mpaka kinakaza kama ngozi ya ngoma. Lakini lazima uwepo mkono wa kuishika, na mkono wa kulia una kazi ya sindano. Niliibana kwa magoti, ikateleza. Niliilaza juu ya meza, nikawa sioni sindano inatokea wapi upande wa chini, nikajichoma mpaka samaki wangu akapata doa la damu. Daktari mmoja mjini Musoma aliukunjakunja mkono ule, akasema viungo vimechakaa na nisiupe kazi ya kushika kitu kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa nini nisipumzike tu na umri huu. Nilimshukuru. Vijana wana huruma sana na kazi ambayo si yao.

Kilichokuwa juu ya fremu ni kitambaa cha meza ya Bwana. Kanisa letu jipya tulilijenga kwa miaka mingi, tukianza wakati wajukuu wangu wakubwa wanabebwa mgongoni, tukiezeka wakiwa na ndevu. Sasa siku ya ufunguzi ilikuwa imepangwa, askofu amekubali kuja, na mimi nilikuwa nimeombwa nidarizi kitambaa. Wenzangu wa umoja wa wanawake walitaka zabibu. Niliwauliza nani kati yao amewahi kuona zabibu inaning'inia kwenye mti wake, kisha nikachora mikate mitano na sato wawili. Sato tunamjua. Mwenye miiba tunamjua na mwenye mafuta tunamjua.

Ila mwenyekiti wa umoja, mwanamke mwema anayependa mambo yaishe haraka, alikuwa ameshanunua kitambaa kingine madukani Mukendo, mjini Musoma. Kilikuwa cha nailoni, chenye mawaridi ya rangi ya dhahabu, na kiling'aa kama bati jipya.

"Ni tahadhari tu, Mama Mwinjilisti," aliniambia. Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti, na jina hilo limenibakia. "Ukiwahi wako, tutatandika wako. Usipowahi, hiki hakihitajigi hata pasi."

Basi hapo ndipo palipokuwa na shida yangu yote. Nisipopata kitu cha kunishikia fremu, mkate wa Bwana ungewekwa juu ya nailoni, na mimi ningekaa benchi la mbele nikiitazama mpaka Mungu aniite.

Binti yangu ni mwalimu Bunda. Nilipompigia simu kulalamika, alinitumia picha kwenye simu ya jirani. Katika picha kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu ameketi dirishani, na mbele yake stendi ya mbao imesimama sakafuni, ina mkono wenye skrubu, na mkono ule umeishika fremu. Mama yule alikuwa na mikono yote miwili huru, mmoja juu ya kitambaa na mmoja chini. Hapo nikafahamu kitu ambacho sikukifahamu miaka yote. Mkono wa chini haushiki chochote. Kazi yake ni kupokea sindano na kuirudisha. Kazi hiyo hata mstaafu anaiweza.

Nikaenda kutafuta stendi.

Mukendo niliingia duka la vyombo vya muziki, kwa kuwa muuzaji aliniona nikieleza kwa mikono barabarani akaniita mwenyewe. Alitoa stendi ya maikrofoni, nyeusi, ndefu, yenye shingo inayokunjika. "Bibi, hii imeshikaga maikrofoni za mikutano ya injili wiki nzima bila kutikisika," alisema. Nilimwambia fremu yangu haihubiri. Tukaifunga hata hivyo. Shingo ikainama polepole, kwa adabu kubwa, kama mtu anayesinzia wakati wa maombi marefu, mpaka fremu ikagusa sakafu. Muuzaji alisema tatizo ni fremu.

Kule Bunda, binti yangu alinipeleka kwa fundi seremala mmoja, mtu wa makamo, anayetengeneza madawati ya shule. Huyu hakuniuliza stendi iwe na urefu gani. Alivuta kigoda, akasema, "Kaa kama unavyokaaga nyumbani, Mama." Nikakaa. Akaniambia niinue mikono kana kwamba ninadarizi, akachukua kipande cha ubao chembamba, akakisimamisha sakafuni kando yangu, na kwa penseli aliyoitoa nyuma ya sikio akapiga mstari mmoja kwenye usawa wa kiwiko. "Fremu ikae hapa," alisema. "Ikipanda, bega litauma. Ikishuka, utainama mpaka uote nundu." Akanipa ule ubao nikae nao siku mbili tatu nijaribu, kisha nirudi tukubaliane mbao gani.

Ningeweza kumwambia aanze siku ileile. Nilikuwa na akiba ya kutosha. Lakini moyo wangu ulijaa furaha, na furaha ya mtu wa kanisa ina hatari yake. Jumapili iliyofuata nilisimama nikatoa ushuhuda.

Ninawaambia wanaonisoma, na hasa wale wa kanisa langu: mshukuruni Mungu kwa sauti kwa jambo lililokwisha kufanyika. Lile ambalo bado, mshukuruni kimoyomoyo. Mimi nilisimama nikasema Bwana amenionyesha stendi, nimepata fundi, mkono wangu utarudi kazini. Watu wakaitikia amina. Kabla sijakaa vizuri, mwenyekiti alikuwa amesimama akitangaza kwamba umoja wa wanawake hautakubali Mama Mwinjilisti ajinunulie stendi mwenyewe kana kwamba hana watoto. Wakapiga vigelegele. Kamati ikaundwa palepale, watu saba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutunga uzi kwenye sindano isipokuwa kifungo kimekatika.

Kamati ilikutana mara tatu. Mara mbili nilialikwa, nikapewa soda, na nikaambiwa nisijisumbue. Niliwapelekea ubao wa fundi wa Bunda wenye mstari wa penseli. Ulizunguka mkono hadi mkono, kila mmoja akautazama pande zote mbili, halafu ukarudi kwangu. Mwenyekiti alisema mbao zinaliwa na mchwa, kwa hiyo iwe chuma, na shemeji yake ni fundi wa kuchomelea pale Kiabakari. Mweka hazina alisema iwe na miguu minene isije ikaaibisha umoja. Katibu ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema stendi hiyo siku ya ufunguzi itasimamishwa mbele ya kanisa, na kitambaa kikiwa juu yake, kabla ya kutandikwa mezani. Sasa watu wa mabenchi ya nyuma wataionaje ikiwa fupi? Ilibidi ilingane na mimbari.

Nikasema, "Jamani, mimi nadarizi nikiwa nimekaa."

"Mama, acha tukubariki," mwenyekiti akanijibu. "Wewe siku zote unatoa. Jifunze na kupokea."

Nilisoma chuo cha Biblia miaka miwili, na ninajua uvumilivu ni tunda. Sikujua kuna matunda yanayoiva taratibu namna hii. Nikanywa soda yangu.

Jumapili ya kukabidhi, kulikuwa na vitu vitatu vya kuwekwa wakfu: spika mbili za kwaya, toroli la kubebea mchanga, na stendi yangu imefunikwa kitenge. Mchungaji wetu ni kijana, ana sauti nzuri, na hapendi kumnyima mtu baraka. Kitenge kilipoondolewa, kanisa zima lilishangilia. Fundi wa Kiabakari maisha yake yote ametengeneza mageti na madirisha, na mkono ukishazoea geti huwezi kuufundisha kitu kingine kwa wiki mbili. Ilikuwa na miguu minne ya bomba la pembe nne. Pembeni ilizungushwa maua ya chuma. Juu, kulia na kushoto, ilisimamishwa mikuki miwili iliyopakwa rangi ya dhahabu, kama ile inayozuia wezi wasiruke ukuta. Katikati ya mikuki palikuwa na koleo la kubania fremu, na chini yake maneno ya kuchomelea: KWA UTUKUFU WA MUNGU. Nilitafuta mahali ambapo mtu angekaa. Hapakuwapo. Ilikuwa stendi ya kumlinda mtu asiikaribie.

Mchungaji aliweka mikono juu ya spika, juu ya toroli, juu ya stendi. Aliomba kitu hicho kitengwe kwa kazi takatifu na mkono wa mwanadamu usikiharibu. Niliitikia amina pamoja na wengine. Nilisema amina hiyo kwa kinywa changu mwenyewe, na baadaye ilikuja kunisumbua.

Bodaboda aliileta nyumbani imelala kama mbuzi wa sadaka. Nikaiweka barazani, nikabana fremu, nikakaa kwenye kigoda changu. Fremu ilikuwa usawa wa paji la uso. Nikaleta kiti cha sebuleni, ikawa usawa wa macho, nami nikawa namtazama sato ana kwa ana kama tunasalimiana. Nikasimama. Nikiwa nimesimama ilifaa kabisa, kwa muda wa mishono tisa hivi, mpaka magoti yakanikumbusha kwamba na yenyewe yanasubiri barua ya kustaafu. Mwisho nikaweka kiti juu ya jukwaa la matofali, nikapanda, nikakaa juu kule kama hakimu, na jirani aliyepita njiani akaniuliza kama nimepata uongozi.

Suluhisho lilionekana dogo. Nikamwita fundi wa kijijini kwetu anayetengeneza majembe na baiskeli, nikamwambia alete msumeno wa chuma, akate kila mguu shibiri moja na nusu. Alikuja, akachuchumaa, akaweka msumeno kwenye mguu wa kwanza. Kisha akainua macho akasoma yale maneno, herufi moja moja. Akaurudisha msumeno kwenye mfuko.

"Bibi, hiki si kimewekewa mikono?"

Nikamwambia kimewekewa.

"Mimi sikati. Niligongaga benchi la kanisa misumari bila kuambiwa, mwezi huohuo ng'ombe wangu akatumbukia kwenye shimo. Sikati."

Nilimweleza, kwa upole wote niliojaliwa, kwamba baraka haikai kwenye shibiri moja na nusu ya bomba. Akasema inawezekana, lakini ng'ombe alikaa kwenye shimo. Kwa hoja hiyo hakuna chuo cha Biblia kinachokuandaa.

Habari ilifika kwa mwenyekiti kabla fundi hajafika nyumbani kwake. Alikuja mchana, akaketi, akakataa chai, na hapo nikajua ana jambo. Alisema kwa masikitiko kwamba kilichowekwa wakfu hakikatwi, na kama nilikuwa siridhiki, ningesema mapema. Nikamkumbusha nilisema mapema. Akasema sikusema kwa mkazo. Nikampigia mchungaji. Mchungaji alisikiliza vizuri, akasema swali langu ni zito, halijawahi kutokea usharikani, na atalipeleka kwenye baraza la wazee. Baraza lingekaa mwisho wa robo ya mwaka. Ufunguzi ulikuwa majuma sita mbele, robo ya mwaka ilikuwa majuma tisa.

"Basi usijitese, Mama," mwenyekiti alisema akiondoka. "Kitambaa cha tahadhari kipo. Nimeshakitandika nyumbani kukijaribu, kimekaa vizuri sana."

Sitasema nilichokiomba jioni ile, kwa kuwa nusu yake haikuwa maombi. Nilikuwa na sato mmoja asiye na mkia na mikate mitatu kati ya mitano. Nilimwomba Mungu afupishe chuma au anirefushe mimi. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili, na ninamshukuru, maana ningekuwa mrefu kama mimbari mpaka leo.

Jibu lilikuja asubuhi mbili baadaye, kwa njia ya mbuzi. Jirani yangu alikuwa anasimika nguzo za uzio kwa sababu ya mbuzi wake waliokuwa wanakula mihogo yangu. Nguzo mbili zilikuwa ndefu kupita nyingine. Hakuzikata. Alichimba mashimo yake yakaenda chini zaidi, akazitumbukiza, akashindilia, na juu zote zikawa sawa. Nilisimama nikamwangalia mpaka akaniuliza kama nguzo zimeingia shambani kwangu.

Baraza langu ni la udongo, nalisiriba mwenyewe kwa mavi ya ng'ombe. Hakuna mchungaji aliyewahi kuliwekea mikono. Nikamwita tena yule fundi, nikamwambia safari hii asilete msumeno, alete sururu.

Alipofahamu, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama kuzika hakuna laana yake. Nikamwuliza yeye alibatizwa wapi. Akasema ziwani, upande wa Musoma, alizamishwa mpaka akanywa maji. "Ulipotoka walikukata miguu?" nikamwuliza. Akasema hapana. "Na baraka ilipungua?" Akafikiri kidogo, akasema labda baadaye, lakini si kwa sababu ya maji. Akachukua sururu.

Tulichimba mashimo manne. Nikauleta ubao wa seremala wa Bunda, ule uliozunguka kamati nzima ukarudi, nikaketi kwenye kigoda, na fundi akawa anachimba na kupima, anachimba na kupima, mpaka fremu ikashuka ikafika kwenye mstari wa penseli. Tukashindilia udongo. Nikasiriba juu yake. Siku mbili baadaye ilipokauka, nilishika stendi nikaitikisa kwa nguvu zangu zote. Haikusogea. Stendi nyingine zote duniani zimesimama juu ya sakafu, yangu imeota.

Nilifanya kazi karibu majuma matano. Mkono wa kulia ulikuwa juu, mkono wa kushoto chini ya kitambaa, mstaafu aliyeitwa kibarua. Alikuwa anapokea sindano na kuirudisha, anapokea na kuirudisha, hashiki chochote. Mwanzoni alikuwa mzito, akiikosa sindano kama mtu anayepokea chenji gizani. Juma la pili akapata mwendo. Mikuki ya dhahabu ilisaidia pia. Kwenye mmoja nilitundika nyuzi, kwenye mwingine miwani. Sato wa kwanza akapata mkia. Sato wa pili nilimtia magamba ya kijivu na kijani, jinsi anavyokuwa akitoka majini kabla jua halijampiga. Mkate wa tano niliumaliza Jumatano, ufunguzi ukiwa Jumapili.

Alhamisi kamati ilikuja kuchukua kitambaa na stendi kwa ajili ya maonyesho. Walikifungua kitambaa juu ya mkeka mpya. Mwenyekiti alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya magamba bila kuyagusa. Kisha akainuka, akaenda kuibeba stendi.

Akavuta. Akavuta tena, akapanua miguu, mweka hazina akaja kumsaidia, wakavuta wawili kama wanaonyanyua ng'ombe aliyezama matopeni. Mwenyekiti akainama kutazama chini.

"Mama Mwinjilisti," alisema taratibu, "umekizika."

"Nimekipanda."

"Kilichowekwa wakfu!"

"Hakijakatwa hata kidogo, Mama Mwenyekiti. Fukua upime. Utakikuta chote."

Katibu, ambaye ndiye aliyetaka ilingane na mimbari, aliuliza sasa watu wa nyuma wataonaje. Nikamwambia watakuja mbele, wakati wa meza ya Bwana watu hujaga mbele. Mweka hazina akacheka wa kwanza, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, kikamshinda. Mwenyekiti hakucheka. Lakini alipanguza mikono kwenye khanga yake, akakikunja kitambaa mara nne, akiifuata mikunjo yangu, akakipakata kifuani njia nzima mpaka barabarani. Mtu anayepakata namna hiyo huwezi kumchukia kwa muda mrefu. Nilijaribu.

Jumapili kitambaa kilikuwa mezani. Nailoni nayo haikupotea bure, ilitandikwa kwenye meza ya soda za wageni, na kweli haikuhitaji pasi. Askofu alipoinua mkate, kivuli cha mkono wake kikapita juu ya sato wangu. Nilimshukuru Mungu kwa mikono yangu miwili, unaofanya kazi na unaosaidia.

Wakati wa matangazo ilisomwa taarifa ya kamati, kwamba stendi imefanikisha kazi kwa asilimia mia. Kisha mwenyekiti akaniomba nisimame nitoe ushuhuda. Nilisimama. Nilisema, "Bwana amenisaidia, amina," nikakaa. Watu walisubiri. Hakuna kilichoongezeka.

Ukweli ni kwamba mshono wa mwisho niliutia kwa kukisia. Macho yananidai miwani mipya, na nimekwisha kuona fremu ninayoitaka, Bunda, mtaa uleule wa seremala. Sijamwambia mtu.